Boksi Namba 61

Dada Ozella Whitsett alikuwa na jozi mia tatu na kumi na mbili za viatu, na ndani ya nyumba yake hakuna aliyeruhusiwa kuvaa hata kimoja. Odell Mabry aligundua hilo kabla hajavuka kizingiti.

"Vua," alisema Dada Whitsett.

"Nivue nini, dada?"

"Viatu, Sajini. Zulia langu halijakanyagwa na soli tangu mwaka wa tisini na nane. Hata mchungaji anavua."

Mabry aliinama, magoti yakalalamika, akafungua kamba. Alikuwa sajini mstaafu wa polisi wa Detroit, miaka kumi na moja katika kitengo cha wizi, na kwa muda huo wote ameingia nyumba za watu kwa hati ya mahakama, kwa bega na kwa dirisha, lakini hajawahi kuingia kwa soksi. Soksi ya kulia ilikuwa na tundu. Dada Whitsett alikitazama kidole gumba kilichochungulia, akafungua mdomo, akaufunga. Ilionekana wazi kwamba kunyamaza kulimpa shida.

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Kesho yake, ibada ya saa tano, ingekuwa Siku ya Wanawake kanisani kwao. Wanawake wote wangevaa nyeupe tupu kuanzia kofia, na Dada Whitsett, mwenye miaka sabini na mmoja, angetunukiwa kwa kuwaongoza wahudumu wa mlangoni miaka arobaini. Viatu vya siku hiyo alivinunua Chicago tangu Februari: satini nyeupe, mchuchumio wa inchi mbili na nusu, lulu saba mbele ya kila kiatu. Sasa havipo.

"Aliyevichukua namjua," alisema huku akipanda ngazi. "Rochelle Gaines, yule binti wa kupanga nyumba za watu. Nilimwingiza Jumatatu, akatoka Jumatano, Alhamisi viatu hakuna. Sikukuita upeleleze, Sajini. Nimekuita uthibitishe."

"Umeshawaambia watu?"

"Watu wanne tu. Wahudumu wenzangu."

"Wanne."

"Wasiosema ovyo. Na kesho nikipewa kipaza sauti nitawaambia waliobaki, asije akaibiwa mwingine. Huo ndio upendo wa Kikristo."

Chumba kilikuwa cha mwanawe aliyehamia Houston. Kitanda kilitolewa siku nyingi. Rafu zilizunguka kuta zote nne, sakafuni hadi darini, na juu ya rafu yalipangwa maboksi ya plastiki yanayoonyesha ndani, kila moja na kimlango chake cha mbele. Vyeupe vilianzia kushoto mwa mlango, vikafuata vya maziwa, vya manjano, vyekundu, mpaka mzunguko ukafika kwenye vyeusi upande wa kulia. Pazia lilikuwa zito ili jua lisichujue ngozi. Mashine ya kukausha hewa ilinguruma pembeni. Ndani ya kila kiatu kilichochongoka mlishindiliwa karatasi laini, na buti zilisimama wima kwa magazeti yaliyoviringishwa. Mabry, ambaye maisha yake yote alikuwa na jozi mbili, vile vyeusi na vile vingine, alijikuta amevua kofia.

"Kazi nzuri," alisema.

"Kazi nzuri ya mwizi."

"Kabla hajaja, vilikaaje?"

Dada Whitsett alieleza bila kupumua. Kila jozi ilikuwa ndani ya boksi lake la karatasi ngumu. Ubavuni palikuwa na namba, na chini ya namba picha ya viatu vilivyomo. Anayetaka viatu anatazama picha. Hakuna kufungua, hakuna kupekua. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba, na mumewe Clifton ameishika kwa miaka thelathini na moja.

"Watu huwa wanakuja kuazima?"

"Wee! Nusu ya kanisa letu wanavaa namba nane. 'Ozella, niazime vile vya kijani, nina harusi.' 'Ozella, vile vya lulu unavyo?' Ukimwazima mtu kiatu kinarudi kimetanuka kama mtumbwi."

"Kwa hiyo huazimi."

"Naazima, naazima," alisema, macho yakiwa kwenye pazia. "Maandiko yanasema tutoe."

"Na hivi vyeupe vilikuwa boksi gani?"

Dada Whitsett alichelewa kujibu. Mwanamke anayejua namba ya kila kiatu chake hana haja ya kufikiri. "Mia mbili na nne," alisema hatimaye, akageuka kunyoosha boksi ambalo lilikuwa limenyooka.

Mabry aliandika 204 kwenye kijitabu chake. Pembeni akaandika: amechelewa.

*

Rochelle Gaines aliishi juu ya duka la kufulia nguo. Alifungua mlango kabla Mabry hajabisha, mikono ikiwa kifuani.

"Umetumwa unipekue au uniombee?"

"Nimetumwa nithibitishe."

"Basi thibitisha, mzee. Anzia jikoni."

Alikuwa na miaka ishirini na saba, na biashara yake ilikuwa na miezi minane. Mlangoni palikuwa na jozi tatu za viatu vyake, zimepangwa sawasawa kwenye trei. Mabry alizitazama. Rochelle akainua mguu wake mmoja, akauweka juu ya kiti bila haya.

"Namba kumi na moja. Viatu vya namba nane nitavivaa masikioni?"

"Unaweza kuviuza."

"Viatu vya satini vyenye lulu, vya bibi wa miaka sabini na mmoja. Nitamuuzia nani? Bibi mwingine! Na mabibi wote wanasali kanisa moja!"

Mabry alilazimika kukohoa ili asicheke. Rochelle hakucheka. Aliketi, sauti ikashuka.

"Tangu Alhamisi nimepigiwa simu tatu. Wa kwanza kafuta kazi. Wa pili kafuta kazi. Wa tatu kaniambia nirudishe ufunguo ambao hajawahi kunipa. Kesho akisema kwenye kipaza sauti, mimi nimekwisha. Kazi yangu ni kuingia vyumbani mwa watu wakati hawapo. Nani atamfungulia mwizi?"

"Ulihamishaje vile viatu?"

"Sihamishi kitu kabla sijaorodhesha." Alifungua kompyuta. "Safu tatu. Namba ya boksi. Picha ya nje inaonyesha nini. Ndani nimekuta nini. Na kila moja nimeipiga picha, saa na tarehe ipo."

Mabry alivaa miwani. Alishuka na orodha kwa ncha ya kalamu mpaka mia mbili na nne. Picha ya nje: satini nyeupe, lulu. Ndani: ngozi, rangi ya chai ya maziwa, kisigino cha kushoto kimelegea. Jumatatu, saa kumi na dakika ishirini alasiri.

"Hukumuuliza mwenyewe?"

"Siku ya kwanza aliniambia, 'Binti, hapa unapanga, huulizi.'"

Mabry akavuta kiti. Waliipitia orodha yote, yeye akisoma, binti akihesabu kwa vidole na baadaye kwa njugu za bakuli lililokuwa mezani. Kila namba ambayo picha haikulingana na viatu iliwekewa njugu moja. Mwishowe palikuwa na njugu kumi na tano.

"Tazama," alisema Mabry. "Boksi la thelathini lina picha ya raba kuukuu, ndani kuna viatu vya dhahabu. La mia na tisini lina picha ya hivyo vya dhahabu, ndani kuna raba kuukuu. Wamebadilishana. Kila boksi la namna hiyo lina mwenzake."

"Mwizi gani huyo?"

"Si mwizi. Mwizi anachukua. Anayebadilisha viatu vizuri na vibovu na kuacha picha zilezile, huyo anaficha." Alizipanga njugu mbilimbili. Moja ikabaki peke yake. "Mia mbili na nne halina mwenzake. Viatu vya rangi ya chai vimo humu. Boksi lao, lenye picha yao, lenye vyeupe ndani, liko wapi?"

Rochelle akapandisha orodha haraka. Sitini. Sitini na mbili.

"Sitini na moja halikuwepo," alisema. "Yalikuwa maboksi mia tatu na kumi na moja. Nikajua kalitoa mwenyewe, nikaacha nafasi."

"Halikuwepo tangu Jumatatu?"

"Tangu naingia! Si umeona? Mimi sikuiba!"

"Nimeona orodha yako," alisema Mabry, akisimama. "Mshitakiwa hajiandikii ushahidi, binti. Nahitaji mtu mwingine aliyeliona boksi hilo likitoka."

Alikula ile njugu iliyobaki peke yake, akaondoka.

*

Clifton Whitsett alikuwa gerejini. Mabry alimwona kupitia mlango uliofunguliwa nusu, mzee wa miaka sabini na minne, dereva wa basi mstaafu, ameinamia boksi la viatu. Mlango ulipolia, Clifton alilifunika, akaliweka juu ya ndoo, akalikalia.

Mabry aliingia. Miaka yake kumi na moja ya kitengo cha wizi ilikuwa imemfundisha kwamba mtu hakalii kitu bure.

"Ndugu Whitsett. Simama."

"Mgongo wangu, Sajini."

"Mgongo umekalia boksi. Simama."

Clifton alisimama taratibu. Ubavu wa boksi ulikuwa na namba 17 na picha ya kandambili. Mabry alilifungua kwa ncha ya kalamu. Ndani mlikuwa na mfuko wa ngozi ya nguruwe ya kukaanga na donati tatu, moja imeng'atwa.

"Daktari kamwambia Ozella nisile hivi, Ozella kawaambia wote mpaka muuza duka," alisema Clifton kwa huzuni. "Binti alipoyatupa yale maboksi nikaokoa moja. Usiniseme, ndugu yangu."

"Sikuoni. Ila nijibu. Umewahi kufungua boksi la mkeo, likiwa na viatu ndani?"

"Mimi? Bwana we, nina miaka sabini na minne na nataka kufika sabini na mitano."

"Kulitoa bila kulifungua?"

"Nikiagizwa."

"Mara ya mwisho uliagizwa lini?"

Clifton aliitazama ile donati iliyong'atwa kama anayeiomba ushauri. "Wiki tatu zilizopita. Msiba wa Arlivia."

Hapo Mabry alisogeza boksi, akakaa kwenye ndoo. Habari za Arlivia Crenshaw zilijulikana upande wote ule wa mji. Yeye na Ozella walisimama mlango mmoja wa kanisa kwa miaka thelathini, glavu nyeupe, mmoja kushoto mmoja kulia, bila kusalimiana. Chanzo ni sherehe ya Julai ambayo Arlivia alisema, mbele ya watu na sahani mkononi, kwamba saladi ya viazi ya Ozella ina zabibu kavu, na kwa wapishi wa kanisa lile hilo ni tusi. Ilikuwa uongo. Haikusahauliwa.

"Arlivia alikuwa na kisukari, miguu imevimba, mwaka mzima anavaa ndala," alisema Clifton. "Alipofariki, binti yake akaja kutoka Cleveland, hakuona kiatu cha kumzikia mama yake. Akaomba kanisani. Ozella akasimama mbele ya wote. 'Dada yetu hatazikwa na ndala. Natoa viatu rafuni kwangu.' Watu wakapiga makofi, wengine wakalia. Basi kesho yake yuko saluni, chini ya draya, ananipigia simu: 'Clifton, mpelekee Tolliver vile vya rangi ya chai ya maziwa, vya kisigino kibovu.' Nikamwambia, mke wangu, kisigino kibovu? Akasema, 'Kule aendako hatembei.'"

"Ukafanyaje?"

"Nikatazama picha. Nikapeleka."

"Hukufungua uhakikishe?"

Clifton alijivuta nyuma kama mtu aliyetukanwa. "Sajini, mimi ni mtu wa heshima."

"Boksi lilikuwa namba ngapi?"

"Sitini na moja. Siisahau, niliendesha basi la namba hiyo miaka tisa."

Mabry aliandika, akafunga kijitabu, akakifungua tena aone kama alichoandika bado kipo. Kisha akaomba donati.

*

Lamar Tolliver, mwenye kampuni ya mazishi, alikuwa mtu wa sauti ndogo na daftari kubwa. Kila kilichoingia kwenye jeneza alikiandika kwa mkono wake, maana familia hugombana.

"Crenshaw, Arlivia," alisoma. "Gauni la samawati. Hereni. Biblia ndogo. Viatu jozi moja, satini nyeupe, lulu kumi na nne. Vimeletwa na Ndugu C. Whitsett, boksi limerudishwa... hapana, boksi tulilitupa."

"Una hakika na hizo lulu?"

"Nilizihesabu, bwana. Na nilimvisha mwenyewe. Vilimkaza kidogo, lakini hakulalamika."

"Jeneza lilifunguliwa?"

"Nusu ya juu tu, ndiyo desturi. Miguu haionekani. Lakini mimi simziki mtu bila viatu eti kwa sababu hawamwoni."

"Kwa hiyo hakuna aliyeviona ila wewe."

"Na binti yake," alisema Tolliver. Alifunga daftari polepole. "Kabla ya ibada aliniomba nimfungulie na chini. Alipoona vile viatu alipiga magoti akavishika. Akasema, 'Miaka yote mama ananiambia yule mwanamke anamchukia.' Bwana Mabry, kazi yangu ni msiba. Siku ile nilitoka nje nikasimama kwenye maegesho." Alilirudisha daftari rafuni. "Amemwandikia mchungaji barua ya shukrani. Itasomwa Siku ya Wanawake."

"Kesho?"

"Kesho."

*

Safari hii Mabry alivua viatu bila kuambiwa. Alipanda ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya vya kahawia, akafungua kimlango cha plastiki, akatoa jozi ya rangi ya chai ya maziwa. Aliiweka juu ya zulia, mbele ya miguu ya Dada Whitsett. Kisigino cha kushoto kiliyumba, kiatu kikalala ubavu.

"Hivi ni nini, dada?"

"Hivyo? Si hivyo nilimpa Arli..."

Hakumaliza. Mkono wake ulitafuta kiti cha kuvalia viatu, ukakipata, akakaa. Mashine ya kukausha hewa iliendelea kunguruma peke yake.

"Clifton alitazama picha," alisema Mabry.

"Clifton huwa anatazama picha," alisema kwa sauti ya mbali.

"Picha ulibandika wewe. Na ndani ulibadilisha wewe. Mara nane."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kila Jumapili, Ozella niazime! Nikaona niwaambie sina. Nawaonyesha maboksi, wanatazama picha wenyewe, wanaona vibovu, wanaondoka." Alishika mdomo. "Yesu wangu. Nimemzika Arlivia na lulu zangu."

Alicheka. Kisha akalia, na kicheko bado kiko kooni, na Mabry akatazama pembeni kwa adabu.

"Sajini. Vinaweza kufukuliwa?"

"Dada Whitsett!"

"Nimeuliza tu."

Mabry alimweleza habari ya barua. Alimweleza pia simu tatu alizopigiwa Rochelle, na ule ufunguo. Dada Whitsett alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Nikiwaambia wale wanne kwamba binti hakuiba, watauliza viatu viko wapi," alisema. "Nikisema viko wapi, watauliza vilifikaje."

"Watauliza."

"Naweza kusema nimeviona, yakaishia hapo."

"Unaweza. Halafu kesho inasomwa barua kwamba amezikwa navyo. Uongo nao unataka orodha, dada, na wewe orodha zako zimekushinda." Mabry alichukua kofia yake. "Au unaweza kunyamaza kabisa. Utashangiliwa kwa kutoa viatu bora kwa adui yako, na binti wa watu atabaki mwizi. Mimi kazi yangu imekwisha. Uliniita nithibitishe, nimethibitisha. Rochelle nimemwambia aje kesho."

"Aje kufanya nini?"

"Akae nyuma. Asikilize utakachosema."

*

Rochelle alivaa gauni jeupe na kukaa benchi la mwisho. Mabry alikaa kulia kwake. Kushoto kulikuwa na Dada Mozelle Pruitt, mmoja wa wale wanne, mwenye kofia pana kuliko mabega na mkoba mweupe juu ya benchi. Rochelle alipoketi, Dada Pruitt aliuchukua mkoba akauweka mapajani. Baada ya kuwaza kidogo akaubana kwapani. Rochelle aliliona hilo. Alitazama mbele, shingo imekakamaa.

"Nisingekuja," alimnong'oneza Mabry.

"Subiri."

"Umemwamini?"

"Hapana," alisema Mabry, na alisema kweli.

Mchungaji alisoma barua. Binti wa Arlivia aliandika kwamba alikuja Detroit akitegemea kumzika mama yake kati ya watu waliomvumilia tu, akakuta mwanamke ametoa rafuni kwake viatu vipya, soli haijagusa ardhi, akampa aliyegombana naye. Kabla barua haijaisha kanisa zima lilikuwa wima. Leso nyeupe zilipepea. Dada Whitsett alipanda mbele akiwa na viatu vyeupe vya kawaida, akapokea ngao yake, akapewa kipaza sauti. Makofi hayakukoma. Mlango wa kutorokea ulikuwa wazi mbele yake, hata kusukuma hakuhitaji. Neno moja tu, asanteni, lingetosha.

"Ketini," alisema. "Ketini, mnanichosha."

Waliketi wakicheka.

"Vile viatu sikuvitoa."

Kicheko kilikatika.

"Nilimtolea Arlivia vibovu, vya kisigino kilicholegea. Vya lulu nilikuwa nimevificha kwenye boksi la hivyo vibovu, msije mkaniazima. Nyie wa namba nane mnajijua."

"Tunajijua!" ilisema sauti kwenye kwaya.

"Clifton akakosea akabeba boksi lile. Kwa hiyo aliyemvisha Arlivia ni Mungu. Mimi nilikuwa saluni."

"Sema, mwanangu! Sema!" alisema bibi mmoja wa mstari wa mbele akipiga fimbo sakafuni.

"Halafu nikakosa viatu, na badala ya kujitazama mimi nikamwita mtoto wa watu mwizi. Rochelle Gaines, simama wakuone."

Rochelle hakutaka kusimama. Magoti yaliamua yenyewe. Kofia mia mbili nyeupe ziligeuka nyuma kwa pamoja.

"Huyu hakuiba kitu. Viatu vyangu alivijua kwa siku tatu kuliko nilivyovijua mimi kwa miaka. Nilichosema Alhamisi ni uongo wangu. Walionisikia wanne nawaona mlipo. Na mliowaambia, kawaambieni tena, kwa mbio zilezile mlizokimbia kwanza." Aliiweka ngao juu ya meza ya Bwana, akafuta macho kwa glavu. "Na yule binti wa Arlivia mwandikieni hivi: viatu ni vya mama yake. Leo ndiyo navitoa."

Hakuna aliyejua kama inafaa kupiga makofi. Mpiga kinanda, ambaye kwa miaka mingi ameliokoa kanisa lile katika nyakati kama hizo, aliingiza wimbo kwa nguvu, na watu wakasimama kwa shukrani wakaanza kuimba.

Rochelle alikuwa amekaa, akifuta macho kwa kiganja. Mabry alitafuta leso, akakuta hana. Upande wa pili Dada Pruitt alisimama pamoja na wenzake, akajaribu kupiga makofi, akashindwa, maana kwapa moja lilikuwa na mkoba. Alilitazama benchi. Akamtazama Rochelle kwa muda, uso wote umemwiva kwa aibu.

"Nishikie, mwanangu," alisema, akamwekea mkoba mikononi, akaanza kupiga makofi.